Chafya ya Gari la Rama

Usinibishie kabla sijamaliza. Wenzangu wa gereji nikiwasimulia husema nilikuwa nimevuta kitu. Sivuti, na ilikuwa alasiri, jua kali. Mikono hii hii ndiyo iliyofanya ile kazi.

Nilikuwaga na gereji Temeke, nachomelea ekzosi, bomba la kutolea moshi. Ni miaka ile ya tisini, magari ya mitumba ya Japani yalipoanza kumiminika, na vijana wakapenda yale yenye turbo, inayosukuma upepo kwenye injini gari likaenda kama linafukuzwa. Rama wa Kipawa alikuwa nalo, jeupe. Nikamtolea ekzosi ya kiwandani, nikamwekea pana, nikamfungia na valvu ya upepo. Ukiachia pedeli ya mafuta, ile valvu inapiga chafya, pshii, mtaa mzima wanajua umefika. Alifurahi yule kijana, akanikumbatia na ovaroli langu chafu. Ile ekzosi ya zamani akasema nimtunzie, nikaitia stoo.

Miezi mitatu baadaye akaja tena na gari lake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Mama ndiye aliyenileta. Hapumziki. Nirudishie ekzosi ya zamani, na hiyo valvu itoe. Gari linyamaze."

Nikapiga jeki, nikaingia chini. Kwa mazoea nikashika tambara, maana ekzosi ya gari lililotoka barabarani inaunguza vibaya. Niamini, ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Gari limetoka Kipawa sasa hivi, inawezekanaje? Ningekuwa na akili ningetoka mbio. Lakini nilishashika spana, nikafunga nati zangu mpaka ya mwisho. Alipoondoka sikusikia hata mngurumo. Nikajisifu kwamba nimefunga vizuri.

Vile nilivyovitoa aliviacha. Kwetu gereji kifaa kilichotolewa ni mali ya mwenye gari, ukikaa nacho utaitwa mwizi. Kesho yake nikavitia kwenye gunia, nikampelekea Kipawa.

Mama yake akanifungulia geti. Nikauliza kama Rama yupo. Akaniangalia sana.

"Mwanangu, hukupata habari? Rama tumemzika. Kesho kutwa ni arobaini yake. Aliligonga lori siku ya mvua."

Gari lilikuwa uani chini ya turubai, limekunjika mpaka kwenye viti. Nikainama. Chini yake imefungwa ekzosi ya zamani, ile iliyokuwa stoo kwangu, na nati zangu za jana zina grisi mbichi.

Nililia, sikuficha. Mie ndiye niliyeliongezea lile gari mbio. Bi mkubwa hakunilaumu, afadhali angenilaumu.

"Tangu tumzike, kila alasiri naisikia chafya ya gari lake pale kona," akasema. "Natoka, nafungua geti, nasimama. Nikirudi ndani angalau nakula. Jana sikuisikia."

Rama alitaka mama yake apumzike, hilo naelewa. Lakini mama hakutaka kupumzika, alitaka kumsubiri mwanawe. Na mie, kwa spana yangu, nilikuwa nimemnyang'anya hata hicho.

"Mrudishie sauti yake, fundi," akaniomba.

Ningekataaje? Wiki iliyofuata niliifunga ile valvu, aliyonirudishia, kwenye gari la mteja mwingine lenye turbo, na alasiri nikapita pale kona, nikaachia mafuta. Mungu anisamehe. Geti likafunguka, akatoka peku, anacheka. Akaniona mie kwenye usukani. Alilifunga geti taratibu, na majirani wanasema tangu siku ile hakutoka tena kumfungulia mtu.

Ekzosi sizigusi siku hizi, nashona viti vya magari. Lakini wewe fundi unayenisikiliza, mtu akija kukuomba umnyamazishie chombo chake, usikimbilie spana. Muulize kwanza nani nyumbani anakisikiliza. Mie sikuuliza, na yule mama alikufa akiwa ndani, geti limefungwa.