Mwenye ndiva ni mimi, eti

Jamani, naombeni ushauri kabla hakujakucha.

Leo wageni wa mfuko wa tabianchi wamepanda huku kwetu Upareni. Wanataka kufadhili ukarabati wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia.

Wakauliza, "Mmiliki nani?"

Tukawaambia ukweli. Ndiva ni ya wote, tunaizibua kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu.

Wakasema sheria yao haimjui "wote". Inataka jina moja.

Mama yangu akaogopa wageni wasije wakaondoka na msaada wao. Akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, mwanangu."

Nikapigwa picha mbele ya maji. Nilitabasamu hadi meno ya mwisho.

Jioni nikamwamkia jirani yetu, Mama Eliza. "Shikamoo mama."

Hakuitikia marahaba. Akauliza taratibu, "Kesho utatufungulia saa ngapi, mwenye maji?"