Tangazo Kila Nusu Saa

Mpiga matangazo hakujua kunong'ona. Hata siri yake ilisikika mtaa wa pili. Miaka kumi na minane alikaa ndani ya gari lenye vipaza sauti juu, akiwaambia watu maji yatakatika lini, nani kafiwa na mbuzi wa nani kapotea. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye anapewa mtoto njiti, kilo moja na robo, katika wodi ambayo hata viatu huvuliwa mlangoni visipige kelele!

Mkewe alikuwa ghorofa ya juu, kapasuliwa, mtoto mwenyewe hajamtia machoni. Kifua kilichobaki kilikuwa cha baba. Sista Mkuu, mama asiyependa mchezo, alimfungua vifungo vya shati, akamlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kitenge.

"Kazi yako ni joto tu," akamwambia. "Mdomo funga."

Mtoto alikuwa na tatizo moja: alikuwa akisahau kupumua. Ndiyo, anasahau, kama wewe unavyosahau mwavuli. Mashine inalia, sista anakuja mbio, anamgusagusa unyayo, mtoto anakumbuka. Siku ya kwanza alisahau mara tisa. Mara ya kumi sista alikuwa mbali. Baba moyo ukampiga paa! Na mtu akishikwa na hofu hutoa alichonacho.

"TANGAZO! TANGAZO! Ndugu wananchi, kesho hakutakuwa na maji kuanzia saa mbili asubuhi!"

Wodi nzima iliruka. Mtoto akavuta pumzi, akaendelea kuvuta.

"Baba, una akili timamu wewe?" Sista Mkuu alifoka.

Baba akanyamaza, mtoto akasahau tena. Akatangaza mbuzi aliyepotea, mtoto akapumua. Daktari akaitwa, akaitazama mashine, akakuna kichwa, kisha akaandika kwenye faili, wallahi aliandika: matangazo, kila nusu saa, pamoja na maziwa.

Basi ikawa dawa. "Baba, tangazo la saa nne umeshatoa?" masista wakawa wanauliza, wala hawacheki. Kina mama wengine nao wakaanza kuleta yao. Huyu anatafuta kandambili moja ya kushoto, yule anamwomba aliyechukua ndoo airudishe. Ndoo ilirudi.

Siku ya tano sauti ilikauka. Mashine ikalia, baba akafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Jamani! Akawa anamwonyesha Sista Mkuu koo lake kwa kidole, machozi yanamtiririka. Sista akamgusa mtoto unyayo, wapi. Akamsugua mgongo, wapi. Ndipo yule mama asiyependa mchezo akapiga magoti, akasogeza mdomo kifuani pa mume wa mtu, akapaza sauti:

"Tangazo! Tangazo! Ndugu wananchi..." Akakwama. Hakuwa na habari yoyote ya kutangaza. "Ndugu wananchi, huyu mtoto apumue, tafadhali!"

Mtoto akalia. Tangu azaliwe hakuwahi kulia, na siku hiyo alilia kwa sauti ya baba yake mzazi, wodi nzima ya watoto ikaamka ikamwitikia.

Mlangoni mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingizwa kwa kiti cha magurudumu.

"Nani anayelia hivyo?" akauliza. "Ni wetu? Mbona husemi? Ni wetu, yu mzima?"

Mumewe, aliyetangaza habari za watu wote, akafungua mdomo kutangaza ya kwake. Haikutoka. Akamsogelea, akakishusha kitenge taratibu, akauweka mkono wa mkewe juu ya kile kifua kidogo, akisikie mwenyewe kinavyopanda na kushuka.