Jembe Lililoliwa na Maji

Kazini wanamwita Sumaku, maana chuma hakimpiti. Akiona bati lililopinda au mlango wa jiko bovu, mikono inamwasha. Si uchu wa bure. Maji mekundu yanayotoka kwenye mgodi wa zamani hupitishwa kwanza kwenye mabirika yake makubwa ya saruji yaliyojaa vyuma chakavu. Maji hula chuma, na shaba iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hujishika hapo, ikawa unga mwekundu wa kukwanguliwa na kuuzwa. Kisha maji hutiwa chokaa, tope likatuama, na yaliyotakata yakashuka mtoni. Sumaku anaipenda kazi hiyo kupita kiasi, hata mkewe ameshajifunza kuficha vikaango.

Mama mkwe wake alipohamia kwao, nyumba ilichangamka. Alikuja na masanduku, viti viwili, na jembe kuukuu lisilo na mpini, akaliegemeza nyuma ya jiko. Sumaku aliliona siku anasafisha uani. Hakuuliza mtu. Alilitia guniani pamoja na makopo, na alipofika kazini akalitumbukiza birikani huku anapiga mluzi.

Wiki zikapita. Jioni moja mama akamwita.

"Mkwe wangu, lile jembe la marehemu umeniwekea wapi?"

Sumaku alitamani kuwasingizia wezi, lakini mkewe alikuwa ameshamkazia macho, na macho yale hayadanganyiki. Akasema ukweli. Mama hakugomba, afadhali angegomba. Alimwambia tu binti yake amfungie mizigo, kesho anakwenda kukaa kwa mwanawe mwingine.

Sumaku alirudi kazini mbiombio, akavaa glavu, akapekua birika mpaka akalipata. Kilikuwa kimebaki kipande chembamba kilichotobokatoboka, shaba imekigandia pande zote. Alikileta nyumbani kimefungwa kwenye gazeti, uso umemshuka.

Mama alikigeuzageuza. "Maji haya ndiyo yaliyoua shamba letu," alisema. "Marehemu mume wangu alilima pale kando ya mto mpaka mahindi yakagoma kuota. Sasa yamemmalizia na jembe."

Sumaku hajawahi kuona aibu kama ile. "Nisamehe, mama," alisema. "Kesho kabla hujaondoka, twende ukaone maji yenyewe yanavyotoka siku hizi."

Asubuhi walikwenda, mizigo ikibaki mlangoni. Sumaku aliongea njia nzima, anaisifia chokaa utadhani anaiuza. Walipofika bwawa la mwisho, pale maji yanapomwagikia mtoni, mama aliinama polepole, akachota kwa kiganja, akanusa.

"Ndiyo haya yanayopita shambani kwetu siku hizi?"

"Hayo hayo, mama. Yanapimwa kwanza ndipo yanaachiwa."

"Na pale analima nani?"

"Hakuna mtu. Watu bado wanayaogopa."

Mama aliufuata mto kwa macho mpaka kwenye kona unakopotelea. Kisha akajifuta mkono kwenye nguo.

"Mpigie mkeo simu," alisema. "Mwambie aifungue ile mizigo."