Mafuta Hupimwa Bukari Ikiwa Tayari

Jumamosi iliyopita nilibadilisha mafuta ya injini ya pikapu yangu, hapa hapa uani Likasi. Nikaiwasha kidogo, nikaizima, nikaegemea bodi na kusubiri kabla ya kupima. Nilisubiri kama ninavyosubiri siku zote, si kwa kutazama saa bali kwa kutega sikio. Muda ukapita ndipo nikakumbuka kwamba jikoni hamna mtu.

Nikueleze, rafiki, maana ungenikuta nimesimama vile ungedhani nimeibiwa.

Baba alikuwa na lori kuukuu. Alibeba samaki wakavu kutoka ziwa Tshangalele na mahindi kutoka Kapolowe, na hata likiwa tupu lori lile lilinuka samaki, nasi watoto tulinuka lori. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko. Chungwa likikuponyoka mlangoni, unakwenda kuliokota kwa jirani. Kwa hiyo baba aliliegesha lori pua ikitazama mlimani, na jiwe kubwa nyuma ya gurudumu. Chini yetu kidogo palikuwa na uwanja wa parokia, uliosawazishwa kwa ajili ya misa za sikukuu.

Siku ya vidanji, yaani siku ya kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, baba alifanya kazi ile uani, kisha akaliwasha lori na kulishusha uwanjani. Akazima. Mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa nimeshika kitambaa, tayari kufuta kijiti cha kupimia, lakini hakukigusa.

"Acha mafuta irudiye nyumbani kwanza," alisema.

Alisema hivyo kila mara. Mafuta yaliyotapakaa juu ndani ya injini yalihitaji muda wa kuteremka na kukusanyika chini. Saa hakuwa nayo. Injini ilipozimwa, mama alibandika maji ya bukari, huo ugali wetu. Tulisikia kutoka juu mwiko ukigonga sufuria, na moshi wa makaa ukatufikia. Alipomaliza kusonga alitoka mpaka ukingoni mwa ua na kutuita tuje, kwa sauti ya kuvuta: "Mukuyeee! Bukari iko tayari!" Hapo ndipo baba alipochomoa kijiti. Nilikifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yakiwa katikati ya alama mbili, karibu na ile ya juu bila kuipita, alinipa kijiti nami nione. Kisha tukapanda kula bukari na sombe ya majani ya muhogo, wadogo zangu wakigombania ukoko mpaka mama awatishe kwa mwiko.

Mama alitangulia kaburini. Mvua zilizofuata baba naye akaondoka. Niliacha shule, viatu vyangu nikampa mdogo wangu wa kike, vikampwaya, akavijaza karatasi. Ndugu walikutana sebuleni kwetu na kuongea juu ya vichwa vyetu kana kwamba tumelala. Mdogo wangu wa kiume aende Kapolowe kwa baba mdogo. Wa kike aende ziwani kwa mama mdogo. Mimi, wakasema, nitatafutiwa pa kukaa. Nilikataa mpaka sauti ikanikauka. Ni baba mdogo aliyenihurumia.

"Kama kamyo inatembea, batoto babakiye pamoja," alisema, akilionyesha lori. "Ikikufa, tutabagawa."

Akashika usukani yeye mwenyewe, na kila nilipolisikia likipanda mlima jioni nilijua bado tuko watatu.

Vidanji ya kwanza aliifanya kwa upendo, huku akiimba. Lakini huko kwao Kapolowe ardhi ni tambarare; unapima mafuta popote uliposimama. Akapima pale pale uani, pua ya lori ikiwa juu. Kijiti kilikuwa upande wa mbele wa injini, na mafuta yalikuwa yamekimbilia nyuma. Kikatoka kikiwa karibu kikavu. Akaongeza mafuta, akapima, akaongeza tena.

"Baba yenu alikuwa anainyima chakula!" akacheka.

Safari iliyofuata, kwenye mlima wa kuelekea Kambove, lori likaanza kutoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu, mafuta yakivuja kwenye maungio. Lilirudi nyumbani likijikokota. Asubuhi nikamkuta baba mdogo uani na mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alikuwa akigonga bodi ya lori kwa kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Moteri inakufa," baba mdogo aliniambia bila kunitazama.

Ndani, mdogo wangu wa kiume alikuwa tayari anafunga mpira wake wa matambara kwenye shuka. Hakuna aliyemwambia afungashe.

"Baba mudogo, ulipima wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapa?"

"Sasa nipime wapi, mbinguni?"

Nikamwomba tulishushe uwanjani tupime upya, na tusubiri bukari. Mnunuzi akaangua kicheko.

"Mutoto, weye unatengeneza moteri ao unapika?"

"Yote mbili," nikamjibu. "Utakula, papa."

Tukaondoa jiwe. Baba mdogo akaliwasha, akalishusha kinyumenyume katikati ya moshi, akazima. Nilikuwa nimemtuma mdogo wangu wa kike jikoni, yeye ambaye hakuwahi kusonga bukari peke yake. Tukasubiri. Mnunuzi alitema mate, akatembea, akarudi. Mimi nilishika kitambaa kwa mikono miwili.

Kisha mwito ukatoka juu, kutoka ukingoni mwa ua: "Mukuyeee! Bukari iko tayari!"

Ilikuwa sauti ya mama, katika koo dogo. Baba mdogo akavua kofia.

Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa. Mafuta yalikuwa yameipita alama ya juu kwa mbali sana.

"Iko na mafuta ya mingi tu," nikasema.

Baba mdogo akalala chini ya lori, akalegeza bolti, mafuta yakashuka kwenye beseni kama uzi. Akakaza, tukangoja, nikapima. Bado. Tukapunguza tena, tukangoja tena, mpaka yakakaa chini kidogo ya alama ya juu. Alipowasha, moshi ulitoka mwingi, ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha.

"Kumbe haikukuwa na ugonjwa!" baba mdogo akapiga kelele. "Ilishiba!"

Mnunuzi alikula nasi. Bukari ilikuwa na madonge, naye alisema ni tamu. Mdogo wangu wa kiume alifungua shuka, akatoa mpira, akaenda kucheza.

Lori lile lilitulisha na kuwasomesha wadogo zangu wote wawili. Hakuna aliyegawanywa. Leo wa kiume yuko Kolwezi, wa kike kaolewa Lubumbashi. Wananipigia simu, wananiita yaya, yaani mkubwa wao, wanasema watakuja. Baba mdogo kazikwa Kapolowe. Lori lilikatwa vipande likauzwa, na kwenye ule uwanja wa parokia wamejenga ukumbi. Nilisawazisha kipande cha ua wangu kwa saruji ili nipate pa kupimia.

Jumamosi hiyo basi nilisimama kwenye saruji yangu, sikio likiwa jikoni, mpaka pua ikaniambia kile ambacho hakuna aliyekuwepo kuniambia. Maji niliyabandika mwenyewe, unga nikautia mwenyewe, nikausahau motoni nikingoja kuitwa. Nikakimbia, nikaepua. Nikarudi, nikapima: mafuta yalikuwa yamekaa mahali pake. Nikafunika injini, nikanawa mikono, nikaketi kula.

Ukoko ulikuwa mnene, nusu ya sufuria. Niliukwangua wote, na hakuna mkono mwingine uliouwania.