Nilivyoiua Pikapu ya Mzee Lemayian

Aibu hii nimewaficha wateja wangu wote wa Kitengela, lakini nyinyi mkicheka angalau mtakuwa mnakunywa chai yangu, basi acha niseme. Mimi Namunyak, fundi wa umeme wa magari, mwanamke pekee kwenye safu yetu ya gereji, niliua gari zima mbele ya baba yangu mzazi.

Ilianza Ijumaa. Mteja alibana kwa mlango waya wa skana yangu (kile kidude ninachochomeka chini ya usukani kinisomee ugonjwa wa gari), ganda likapasuka na nyaya mbili za ndani zikakatika. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, kila waya uvikwe ganda lake, nusu saa umemaliza. Lakini nilikuwa na miadi ya kusukwa nywele, kesho yake naenda nyumbani Kajiado, basi nikazisokota kwa vidole, nikazungushia tepu nyeusi, nikakimbilia saluni. Fundi mzima!

Sasa, baba yangu alikuwa hajawahi kutamka neno fundi akinitaja. Watu wakimuuliza husema, "Yuko mjini," halafu anaingiza habari za ng'ombe. Jumamosi hiyo rika lake, Mzee Lemayian, akaja na pikapu iliyowasha taa ya injini, na wazee wengine wanne wakasogea kutazama.

"Hebu tuone hiyo kitu ulisomea," baba akasema. Nikajiambia, leo ndiyo leo, leo ataniita fundi.

Nikachomeka. Cheche, tap! Redio ikanyamaza, na nilipojaribu kuwasha, gari likakataa kabisa, gari lililokuja lenyewe likinguruma kutoka Kimuka. Hapo ningetulia nichunguze, lakini macho ya wazee yalikuwa mgongoni, nikasimama, nikajipangusa mikono kwa madaha, nikatangaza: "Kompyuta ya gari imekufa. Mimi nimeikuta hivyo."

"Na nimekuja nikiendesha?" akauliza Mzee Lemayian. Baba akageuka akaanza kuwaambia wenzake habari za nyasi.

Nikarudi chini ya usukani, kujificha tu, na hapo nikasikia tepu yangu inanuka kuungua. Kuifungua, zile nyaya mbili zimegusana, na fyuzi inayolisha kompyuta imeungua. Muuaji ni mimi. Ningeweza kubadilisha fyuzi kimyakimya nijifanye bingwa aliyefufua gari (niliwaza, msinihukumu). Lakini kwetu neno ulilolisema umesimama mbele ya wazee hulirudishi ukiwa umeinama. Nikasimama.

"Wazee, kompyuta ni nzima. Shida ni waya wangu. Niliufunga haraka haraka nikimbilie hizi nywele."

Mmoja akacheka hadi fimbo ikamtoka. "Lakini umependeza," akasema. Baba hakucheka.

Stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo nikamwomba mama jiko la makaa, nikapasha ncha ya chuma cha kuchomelea humo, nikaunganisha waya mmoja mmoja, nikavika kila mmoja ganda lake, nikapima kwa mita, nikabadilisha fyuzi. Wazee wote waliinama kuangalia, hata nywele zangu zikajaa majivu na sikujali. Skana ikawaka. Kumbe ile taa ya injini ilikuwa plagi moja ndogo iliyolegea! Nikaikaza, nikaizima taa kwa skana, Mzee Lemayian akaondoka akipiga honi njia nzima. Nilijivuna, sifichi. Ile kazi ya kwenye makaa ndiyo safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na mpaka leo skana inatumia waya ule ule.

Tangu siku hiyo nimeapa: waya uliokatika hauonji tepu yangu tena, saluni inaweza kungoja.

Juzi baba akanipigia simu. "Kuna mzee wa Oltepesi, gari yake imewasha taa. Nimemwambia niko na fundi, ni msichana wangu." Nikadhani amemaliza, machozi yameshanilenga.

"Lakini kabla ukuje," akasema, "angalia waya zako."