Tantine aliinua nyundo avunje kaburi la baba kwa sababu ya mistari iliyonyooka

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya niliyaona kwa macho yangu, ingawa mkimaliza kusoma mtaniuliza macho gani.

Tantine Véro, dada wa marehemu baba, aliinua nyundo avunje karo, yaani vigae, za kaburi la baba. Mistari aliyoilaumu ilikuwa imenyooka kabisa.

Nirudi nyuma.

Matanga tunayamaliza Jumamosi hii. Mume wangu, Célestin, anauza karo Naviundu, akajitolea kulijenga kaburi mwenyewe. Karo nyeusi na nyeupe, kila safu imesogezwa kidogo isilingane na ya juu yake, na kati ya safu na safu join, ule mstari mwembamba wa simenti ya kijivu.

Célestin ni wa Kasai. Upande wa baba ni watu wa reli, asili yao kaskazini ya Katanga. Walimkubali, ila hawajaacha kumpima.

Jumapili baada ya misa tukaenda kuliangalia.

Mistari ilikuwa inapinda. Mmoja unapanda, unaofuata unashuka. Hata mimi niliona hivyo.

"Beau-fils," Tantine akamwambia Célestin, mkwe wake, "ulilalisha yaya yangu, mukubwa wangu, mu nyumba ya kupinda?"

"Tantine, niliweka na niveau, kipimo ya usawa."

"Niveau ya kwenu ao ya kwetu?"

Watu wakacheka. Célestin hakucheka. Tantine akachomoa nyundo kwenye mfuko wa kazi wa Célestin.

"Tubomoe! Jumamosi bantu batatucheka. Na weye, siku ile usikuje."

Nikajiweka kati ya nyundo na kaburi. Nikawaomba wamama wawili vilemba vyao vyeupe. Tukakaza kimoja kwenye karo za juu ya join, kingine kwenye za chini yake, ikabaki join peke yake.

Mstari ukanyooka mbele yetu.

"Mutoe," Tantine akasema. Tukatoa, ukapinda.

"Murudishe." Ukanyooka. Tukahamia join nyingine, nazo zikanyooka.

"Kumbe ni macho yangu njo inapinda?"

"Ya siye bote, Tantine," nikamjibu.

Akashusha nyundo, akamshika Célestin mkono. "Jumamosi utakaa pembeni yangu."

Ni kwamba weusi na weupe usiolingana unalivuta jicho. Join yenyewe haijasogea.

Nilichojifunza: ukoo mzima unaweza kuona kitu kimoja na wote wakakosea. Kabla ya kumhukumu mtu, funika kwanza vinavyomzunguka.

Lakini wakuu, mafundi mlio humu, hapa ndipo nawahitaji. Join ya chini kabisa hatukuifunika, Tantine alikuwa amesimama mbele yake. Jana nilirudi peke yangu na uzi, nikaukaza kwenye kila join. Zote sawa, isipokuwa moja. Ile ya chini, katikati, imeshuka chini ya uzi kwa unene wa kidole.

Ni mkono wa fundi, au udongo umedidimia baada ya mvua? Nimwambie Célestin, au ningoje Jumamosi ipite? Nipeni maoni bila kunionea haya.

Yeye hajui kitu. Asubuhi hii ameondoka akiimba, na mfuko wake, nyundo ndani, ameuacha hapa mlangoni.