Tiketi Mbili za Kutazama Jua Likipatwa

Mwezi uliopita nilipanga foleni ya tiketi hapa stesheni ya Dodoma. Mbele yangu walisimama wazee wawili: fundi cherehani wa Kihindi, na rafiki yake Mrangi, muuza asali wa Kondoa, ambaye mtoto wa jicho amemharibia macho yote mawili. Fundi alimshika kiwiko.

"Mbili za Mwanza, daraja la tatu," alisema. "Bwana DC ametangaza jua litapatwa. Huko ziwani litafunikwa lote."

Karani alimtazama Mrangi, akashusha sauti. "Mzee, huyu mwenzako atatazama nini?"

Mrangi akadakia. "Macho ndiyo mabovu, bwana, masikio mazima. Tumeahidiana tangu ujana. Tukatie tiketi."

Juzi, nikitafuta habari za gazeti, niliwakuta dukani kwa fundi, naye amenuna. Siku ya kupatwa kwa jua, huko Mwanza wingu zito lilitanda, hakuona hata ukingo wa jua. Mrangi ndiye aliyesimulia: baridi ilivyompiga shingoni, kuku walivyokimbilia banda alasiri, soko zima lilivyonyamaza ghafla.

"Na huyu," alisema akicheka, "alinibana mkono, nikamwambia usiogope, nipo."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Lilikuwa giza kweli, bwana mwandishi."

Nikawauliza kama watakwenda tena. Wakasema hawajui jua litapatwa lini tena, lakini wameshakubaliana nani atamshika nani mkono.